Je, ni Padri Raynal mwenyewe aliyeandika maneno yale makali dhidi ya utumwa?

Msomaji wa Ngara:
Wapendwa, kikundi chetu cha kusoma historia hapa Nairobi kimefika kwenye maasi ya watumwa wa Haiti, na jina la Guillaume-Thomas Raynal, padri Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1713, halikosekani. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba kitabu chake maarufu kuhusu biashara ya Wazungu ng'ambo hakukiandika yeye. Je, ni kweli?

Mwalimu Mstaafu, Buruburu:
Ndugu, mwenzenu ameshika nusu ya ukweli. Raynal alisomeshwa na Wajesuiti, akajiunga nao, kisha akawaacha akaenda Paris, ambako alihudumu katika parokia ya Saint-Sulpice kabla ya kalamu kumteka kabisa. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1770 bila jina la mwandishi, kilikuwa kazi ya mikono mingi, na kurasa kali zaidi za toleo la 1780 zinatokana kwa sehemu kubwa na mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot. Hata hivyo, ni Raynal aliyekubali jina na picha yake viwekwe kwenye toleo hilo, na ndiye aliyelazimika kutoroka Ufaransa mwaka 1781, mahakama kuu ya Paris ilipoagiza kitabu kichomwe moto na mwandishi akamatwe. Diderot alibaki nyumbani kwake.

Mkazi wa Pangani:
Shikamoo Mwalimu. Nakubali, ila tusimpambe kupita kiasi. Tarehe 31 Mei 1791 barua yake ilisomwa mbele ya Bunge la Ufaransa, na wanamapinduzi waliotarajia sifa kutoka kwa mzee wao walisikia akiwakemea kwa kuvuka mipaka. Isitoshe, mwaka 1776, kitabu kikiwa tayari kinasomwa Ulaya, Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Kwa watu wa pwani yetu, kurasa hizo hazikuzuia hata jahazi moja.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu:
Marahaba. La Kilwa silipingi. Lakini tazameni picha aliyochora Girodet mwaka 1797, mwaka mmoja baada ya Raynal kufariki: Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa kisha akawa mbunge wa Saint-Domingue (ndiyo Haiti ya leo), ameegemea sanamu ya kichwa cha padri huyo, naye anatazama kwingine.

Msomaji wa Ngara:
Ahsanteni. Picha hiyo nitaipeleka kikundini Jumamosi.