Tupeane uzoefu: gia boksi ya otomatiki inasumbua, kumbe ni sensa

Wakuu, habari za leo. Nafungua uzi huu kwa sababu ilibaki siku moja tu ninunue gia boksi ya mtumba, na naamini wapo waliokwisha nunua wakiwa na tatizo hilihili.

Gari yangu ni ya Kijapani, ya mwaka 2005, injini 1.5, otomatiki ya gia nne. Siku moja natoka Kibaha na familia, mshale wa spidi ukaanguka ghafla kutoka 80 hadi sifuri wakati gari inatembea. Papo hapo gia ikashuka kwa kishindo, injini ikalia, mke wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili. Mshale ukarudi, gia ikapanda. Dakika mbili baadaye, tena. Tunafika Mbezi, taa ya O/D OFF (ile ya kuzima gia ya juu) inawaka na kuzima, na kila nikiondoka kwenye mataa gari ni nzito kama imepakia tofali.

Fundi alichomoa kijiti cha oili, akatazama, akasema klachi za ndani zimeisha, tushushe. Gia boksi ya mtumba 1,300,000, ufundi 150,000. Usiku sikulala. Nikawa najiuliza: kama klachi ndizo zimeisha, mshale wa spidi unaangushwa na nini? Na oili yenyewe ilikuwa bado nyekundu, hainuki kuungua.

Asubuhi nikaenda kwa fundi umeme mwenye mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Ikatoa P0500, maana yake kompyuta haipati taarifa ya spidi ya gari. Sensa yenyewe imekaa juu ya gia boksi, ndogo kama kidole gumba, waya tatu, boliti moja namba 10. Alipochomoa soketi, pini zilikuwa na kutu ya kijani. Akasafisha, gari ikatulia siku mbili, ikarudia. Nikanunua sensa Gerezani kwa 40,000. Huu mwezi wa saba, haijarusha gia hata mara moja.

Alinieleza hivi: kompyuta inachagua gia kwa kuangalia hasa spidi ya gari na jinsi ulivyokanyaga mafuta. Ikikosa taarifa inabahatisha, halafu inajilinda kwa kung'ang'ania gia moja. Hapo ndipo tunaambiwa gia boksi imekufa.

Karibuni, leteni na yenu.

Msafiri wa Njombe

Mkuu, yangu ilikataa kuingia gia ya nne. Nikitembea 100, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inagusa 4,000, mafuta yanakwisha kama ndoo iliyotoboka. Nikaambiwa gia ya nne imekatika. Nikaazima kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, nikasoma kwenye simu: joto la maji 48, nimeshatembea nusu saa! Nikalaumu sensa ya joto, nikanunua mpya. Bado 48. Kumbe sensa ilikuwa inasema kweli. Fundi wa zamani alishatoa thamosta, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kwa baridi ya huku injini haikuwa inapata moto kabisa. Gari nyingi haziruhusu gia ya juu mpaka maji yapate joto. Thamosta ikarudishwa, gia ya nne ikarudi siku hiyohiyo. Ndugu zangu, msikubali kutolewa thamosta.

Bibie wa Mombasa

Hamjambo. Mimi nilipeleka gari kuoshwa, vijana wakapiga injini maji kwa pampu. Kesho yake nikiwa kwenye P (ya kuegesha) haiwaki, nikitia N (gia huru) inawaka. Na ile herufi ya gia kwenye dashibodi ikawa haionekani. Ilikuwa ile swichi iliyo ubavuni mwa gia boksi, inayoiambia kompyuta mkono wa gia uko wapi. Maji yaliingia, na huku kwetu chumvi ya bahari haina huruma. Ilifunguliwa, ikasafishwa, ikakaushwa, ikarudishwa palepale ilipokuwa. Fundi aliweka alama kwanza kabla ya kulegeza boliti, kwa sababu ikikaa upande kidogo tu, tatizo jipya. Tangu hapo naosha injini kwa kitambaa.

Fundi umeme, Mwanza

Niongeze kidogo, kazi hii ndiyo inanilisha. Namba ya mashine inakuonyesha njia, haikwambii moja kwa moja nunua sensa. P0715 ni upande wa spidi inayoingia gia boksi, P0720 ni inayotoka, P0705 ni hiyo swichi ya dada wa Mombasa. Nililetewa gari yenye P0720 iliyokwisha badilishwa sensa mara mbili. Nikaweka mita kwenye waya kutoka soketi hadi kwenye kompyuta, nikawa nautikisa polepole. Nilipofika karibu na stendi ya betri, usomaji ukapotea. Panya alikuwa ameutafuna, ganda la nje limebaki zima upande mmoja. Nikaunga, nikalehemu, gari ikaondoka. Kwa hiyo anzeni na betri, soketi na waya, sensa baadaye.

Wa Dodoma

Mimi wakuu nilibadili sensa tatu na tatizo likabaki. RPM inapanda 4,000 gari haivuti, oili nyeusi inanuka kuungua. Ile ilikuwa gia boksi kweli, ilishushwa, klachi zilikuwa zimebaki chuma. Tusije tukampeleka mtu kununua sensa wakati oili inajieleza yenyewe.

Msafiri wa Njombe

Mwenye uzi, ulinunua sensa mpya au ya mtumba?

Mwenye uzi

Mpya, mkuu. Nilianza na ya mtumba ya 15,000, ikafa wiki ya tatu nikiwa Chalinze, usiku. Wa Dodoma, asante sana, hilo la oili nimelichukua.