Mashabiki wa ndondi Nakuru, haya matusi ya rangi ukumbini yakome

Wapenzi wa ndondi wa Nakuru, pamoja na nyinyi wa Kisumu na Kakamega mnaokuja kwa mapambano yetu, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika tangu Jumamosi. Nilinyamaza nikidhani hasira itapoa, lakini haipoi, na naona hakuna mwingine aliye tayari kulisema jambo hili waziwazi.

Kuna kijana mmoja wa hapa mjini, jina lake silitaji, Mkenya wa asili ya Kihindi. Babu yake alizaliwa Nakuru, baba yake alizaliwa Nakuru, na yeye hana kwao kwingine. Anapigana uzani wa unyoya. Jumamosi alipopanda ulingoni kona ya buluu, hata kengele haijagongwa, upande mmoja wa ukumbi ukaanza: "Muhindi, rudi dukani!" Mwingine akasimama juu ya kiti akaigiza lafudhi ya Kihindi, watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. Raundi ya pili wimbo ukabadilika, ikawa "Mchape mwenye duka!" Baba yake kijana ni fundi wa magari. Hata duka hawana. Na hata wangekuwa nalo, je?

Sasa tuongee ndondi, maana mnajiita mashabiki wa ndondi. Mpinzani wake, kijana shupavu kutoka upande wa Kisumu, ana mkono wa kulia mzito sana, lakini alikuwa anaingia na kichwa chini, miguu imeganda. Kila alipoingia alikutana na kushoto iliyonyooka, moja, wakati mwingine mbili mfululizo, kisha yule wa buluu anazungukia kulia kwake mwenyewe, mbali na ule mkono mzito. Aliyekaa karibu na ulingo alisikia zile ngumi zikitua. Ile kulia ya Kisumu ilipita hewani raundi mbili za kwanza, ikampata vizuri raundi ya tatu, mara mbili, akayumba, akajishikilia, akamaliza. Majaji wanahesabu ngumi zinazotua safi. Hawahesabu kelele. Kwa hiyo mkono wa kona ya buluu ulipoinuliwa, kulikuwa na cha kushangaza gani?

Lakini hapo ndipo chupa zikaanza kuruka. "Amenunua majaji! Wahindi wana pesa!" Chupa moja ya maji, haijafunguliwa hata, ilimpata kocha begani. Kocha mwenyewe ni mzee wa Kijaluo, bondia wa zamani, ambaye saa moja kabla nilimwona amepiga magoti mbele ya huyo kijana akimfunga bendeji, anazungusha kwenye kifundo, anapitisha kati ya vidole kimoja kimoja, anamwambia afumbe ngumi aone kama imebana. Na yule wa Kisumu, aliyeshindwa, alipovuka ulingo kwenda kumkumbatia mwenzake na kumwinua mkono, mlimfanyia nini? Mlimzomea na yeye. "Umetuuza!" Kijana ametoka jasho raundi tatu, amepigana kiume, amekubali matokeo kiungwana, nanyi mnamwita msaliti kwa sababu amemshika mkono mtu mwenye ngozi msiyoipenda.

Nawauliza wale wazee wa ndondi waliokuwepo na wakakaa kimya: haya mambo hamjayaona mahali? Kila mkikaa kijiweni mnatusimulia Marvin Hagler, yule bondia Mmarekani mweusi. Septemba 1980, Wembley, London, anakwenda kumpokonya Mwingereza Alan Minter taji la dunia la uzani wa kati. Kabla ya pambano Minter alinukuliwa akisema hakuna mtu mweusi atakayemchukulia taji lake. Ukumbi umejaa Waingereza wamelewa, wanaimba na kupeperusha bendera. Hagler akamchana uso, raundi ya tatu refa akasimamisha pambano, na papo hapo chupa na mikebe ya bia ikaanza kunyesha ulingoni. Bingwa mpya wa dunia akainamishwa, watu wake wakamlalia kumkinga kwa miili yao, kisha polisi wakamtoa mbio. Hakufungwa hata mkanda wake ulingoni siku hiyo. Hiyo hadithi mnaisimulia mkiwa na uchungu wa kweli, na mna haki. Sasa Jumamosi ilikuwa nini? Tofauti ni kwamba zetu zilikuwa chupa za maji na soda.

Tena huu ubaguzi mnaouiga ulianza kwa kutudharau sisi. Jack Johnson, Mmarekani mweusi, alipochukua taji la uzani mzito mwaka 1908 kule Sydney kwa kumpiga Tommy Burns, wazungu hawakulala. Walizunguka wakitafuta mzungu wa kumnyang'anya, mpaka wakamtoa James Jeffries kwenye kustaafu, mtu aliyekuwa shambani kwake amenenepa, wakamkondesha kwa mazoezi ili aje "kuirudishia heshima" rangi yao. Tarehe 4 Julai 1910, Reno, Nevada, Johnson akamchapa mpaka kona yake ikasalimu amri raundi ya 15. Usiku huo watu weusi walishambuliwa na kuuawa katika miji ya Marekani kwa sababu tu ya kushangilia ushindi. Kisha miaka miwili baadaye Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia filamu za ndondi zisisafirishwe kutoka jimbo moja hadi lingine, na kila mtu alijua picha za nani zilikuwa zinawauma. Watu walikufa kwa sababu mashabiki walikuwa wanatazama ngozi. Halafu leo Mwafrika, hapa Bonde la Ufa, anasimama juu ya kiti kumwambia Mkenya mwenzake arudi dukani.

Kuna jamaa aliniambia mlangoni tukitoka, "Boss, hiyo ni stimu tu ya mechi, ndondi bila matusi haina ladha." Mimi sipingi kelele. Mwite mwoga akikimbia. Mwambie mikono imechoka. Mwambie mama yake alimpikia uji mwepesi, ni sawa, atakasirika apigane zaidi. Lakini ukishamwambia hapa si kwao, hapo humtanii tena kuhusu ngumi. Hilo ni jambo ambalo hata akifanya mazoezi usiku na mchana hawezi kulirekebisha, na wewe unalijua ndiyo maana umelichagua.

Tangu mwaka 2017 serikali imewatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Mimi nilifikiri hata hiyo karatasi haikuhitajika, maana kandokando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 walizikwa Wahindi wengi walioijenga. Inaonekana ilihitajika.

Na linaloniuma kupita yote ni kwamba hili limetokea Nakuru. Mji huu ndio uliomtoa bondia Philip Waruinge. Watoto wa siku hizi wanapita kwenye ukumbi wetu wa Madison Square Garden hawajui ni nani aliyekuwa akitoka jasho humo. Waruinge alikwenda Mexico mwaka 1968 akarudi na shaba, na juu ya shaba akapewa kombe la Val Barker, lile la bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima. Medali za dhahabu zilikuwepo, lakini kombe la ufundi likaja kwa kijana wa Nakuru mwenye shaba. Munich 1972 akafika fainali, akapoteza kwa Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Najua mtaruka mseme, "Unaona! Mzungu alibebwa!" Semeni pia kwamba waliompa Val Barker mwaka 1968 hawakuwa wajomba zetu wa mtaani Kaptembwo. Na huko Mexico aliyemtoa nusu fainali alikuwa Antonio Roldán, Mmexico akipigana nyumbani kwao. Ndondi ina wizi, hilo halina ubishi. Mmarekani Roy Jones aliibiwa mchana kweupe Seoul 1988 mbele ya dunia nzima, akapewa mwenyeji Mkorea. Lakini Olimpiki hiyo hiyo, ulingo huo huo, Robert Wangila wetu alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili akaileta Kenya dhahabu, na hakuna jaji aliyethubutu kumgusa. Wizi wa ndondi unafuata pesa, mwenyeji na wakubwa wa vyama. Mkiufanya wote kuwa wa rangi, wezi wenyewe wanapita kando yenu wanaenda zao.

Halafu mnajua Waruinge alikwenda wapi baada ya ridhaa? Japani. Huko ndiko alikopigana ngumi za kulipwa, na ulingoni alitumia jina la Waruinge Nakayama. Mtoto wa Nakuru, mweusi kama mimi, akipigana Japani kwa jina la Kijapani na kuishi kwao miaka mingi. Hebu tuseme Wajapani wangesimama juu ya viti siku ya kwanza wakamwambia arudi kwao. Mngejisikiaje? Leo mngekuwa mnasimulia hilo kijiweni pamoja na habari za Hagler.

Ugonjwa huu haukuanza Jumamosi. Nimeuona kwenye mabaa na vibanda vya video kila usiku wa pambano kubwa. Usyk wa Ukraine akipigana na Anthony Joshua, Mwingereza mweusi, ukumbi mzima ni "mtu wetu" dhidi ya "mzungu". Joshua alishindwa London Septemba 2021, akashindwa tena Jeddah Agosti 2022, na mara zote mbili nilisikia watu wakisema amehujumiwa. Alihujumiwa na nani? Alihujumiwa na miguu ya Usyk. Yule bwana anatumia mkono wa kushoto, hatulii mahali pamoja, anakubadilishia pembe kabla hujarusha. Aliyetazama pambano aliona. Aliyetazama ngozi hakuona chochote kwa raundi 12, alikuwa anasubiri tu kulalamika mwishoni. Daniel Dubois, Mwingereza mweusi mwingine, naye alipolala mbele ya Usyk raundi ya tano Wembley mwaka 2025 hapakuwa na majaji wa kulaumu, basi ikawa kimya, watu wakadai kulipia soda waende.

Msinielewe vibaya kwamba ubaguzi ni wa upande mmoja. Bernard Hopkins, bondia Mmarekani mweusi mwenye akili nyingi kuliko wengi, alimwambia Joe Calzaghe hadharani kwamba hawezi kumkubali mzungu amshinde. Aprili 2008 alimwangusha Calzaghe raundi ya kwanza, na bado akapoteza kwa pointi. Yale maneno hayakumwongezea hata ngumi moja. Na mapromota wanajua jinsi ya kuwakamua watu wa aina hii. Mwaka 1982 pambano la Larry Holmes na Gerry Cooney liliuzwa kwa rangi tupu, mpaka bingwa Holmes akatambulishwa ulingoni kwanza, na mpinzani mzungu akatambulishwa mwisho kana kwamba taji ni lake. Holmes alimmaliza raundi ya 13. Wao wawili baadaye wakawa marafiki. Waliobaki na chuki ni mashabiki waliolipa viingilio.

Tena ukishaanza kupima watu kwa rangi huwa hujui kusimama. Muhammad Ali nampenda, picha yake iko kwangu sebuleni, lakini alichomfanyia Joe Frazier hakikuwa haki. Frazier alikuwa upande wake Ali alipofungiwa leseni, malipo yake yakawa kuitwa kibaraka wa wazungu na kisha sokwe, mbele ya kamera. Frazier, mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina! Kinshasa 1974 ikawa zamu ya George Foreman. Alishuka na mbwa wake aina ambayo watu wa huko waliikumbuka kwa polisi wa Wabelgiji waliowatawala, basi Ali akamgeuza mtu mweusi kuwa Mbelgiji. Ndivyo inavyokwenda. Na hapa kwetu tumeshafika huko. Pambano lililofuata Jumamosi walikuwa Waafrika wawili, na wale wale waliokuwa wakimtukana Mhindi walihitaji dakika moja tu kuanza "huyo Mluhya" na "huyo Mkikuyu". Nilisikia kwa masikio yangu, kwenye benchi lile lile.

Basi nasema na waandalizi wa mapambano hapa mjini. Mnao watu wa usalama mlangoni wanaotupekua mifuko kutafuta chupa za pombe. Waingizeni ndani. Matusi ya rangi au kabila yakianza, refa asimamishe pambano, mtangazaji aonye mara moja, na anayeendelea atolewe nje bila kurudishiwa kiingilio. Anayerusha kitu ulingoni apelekwe polisi kama mtu yeyote anayempiga mwenzake. Mkishindwa hilo, wazazi watawaondoa watoto wao kwenye mazoezi, na msije kulia kwamba ndondi ya Nakuru imekufa.

Kocha ameniambia kijana hakuja mazoezini Jumatatu wala Jumanne. Jumatano alikuja, akakaa kwenye benchi na nguo zake za nyumbani, hakufunga mikono. Yule wa Kisumu amempigia simu, amemwambia anataka marudiano, na kwamba safari hii ile kulia haitapita hewani. Hayo ndiyo mazungumzo ya mabondia.

Na nyinyi mliokuwa mmekaa nyuma ya kona nyekundu, karibu na mlango wa pembeni, mnajijua na mimi nawajua. Njooni hapa mseme wazi: kijana alikosea ngumi gani? Anayetaka kujibu anijibu kuhusu raundi, aniambie ipi alipoteza na kwa nini. Kama jibu lako linaanza na ngozi yake, usiniandikie.