Mrejesho: Whiskey sour yangu sasa inanyweka

Wadau, wiki iliyopita niliuliza kwa nini whiskey sour (kokteli ya whiskey, limau na sukari) ninayochanganya nyumbani inakunja uso na povu lake halikai hata dakika.

Kosa la kwanza lilikuwa maji ya limau ya chupa. Aliyeniambia niyamwage alisema kweli. Jumamosi nikashuka Marikiti kutafuta malimau (mama wa kibanda alinipimia ndimu kwanza, nikamrudishia). Kipimo ni kile cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa: bourbon (whiskey ya Kimarekani) mililita 45, maji ya limau 25, shira 20, ute wa yai 20. Shira ni sukari na maji, sawa kwa sawa, iyeyuke kisha ipoe. Mimi nilikuwa natia sukari kavu, nayo kwenye kinywaji baridi inalala tu chini ya glasi.

Povu sasa. Tikisa kwanza bila barafu, sekunde 15 hivi, ndipo utie barafu utikise tena. Chombo maalumu sina. Chupa ya jemu ilitosha, ingawa mara ya kwanza kifuniko kilifyatuka, pazia la jikoni likanywa kabla yangu. Nikachuja kwa chujio la chai. Povu nene, jeupe, likakaa hadi tone la mwisho.

Asiyetaka yai bichi aliache, si lazima. Shemeji alikataa glasi alipoona yai. Nusu saa baadaye akaniuliza kama limau limebaki.