Natakiwa kuondolewa kizazi na mgongo unaniuma miaka yote, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 44, mwezi ujao nafanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi kwa sababu ya uvimbe unaonitoa damu nyingi. Hofu yangu ni mgongo. Kiuno kinaniuma tangu nijifungue mtoto wa pili, mwaka wa 9 sasa. Kuna siku nashindwa hata kuinama kufua.

Muuguzi wa kliniki kaniambia mwenye maumivu sugu kabla ya upasuaji, hata yakiwa sehemu nyingine ya mwili, yuko kwenye hatari zaidi ya kuumwa sana baadaye, na wengine huendelea kuumwa zaidi ya miezi 3, kwa kuwa mishipa ya fahamu imeshakuwa nyepesi kuhisi maumivu. Wasiwasi nao unachangia. Tangu hapo usingizi umepaa.

Dada zangu mliopasuliwa mkiwa na mgongo mbovu, ilikuwaje? Daktari wa usingizi nimweleze nini mapema? Ganzi ya mgongo inanifaa? Diklofenaki, dawa ya maumivu ninayomeza karibu kila siku, niiache lini? Mume wangu anataka tuahirishe, lakini kiwango cha damu mwilini kimeshashuka hadi 8 na damu bado inatoka.