Ekipe ya shule ichukue mnyama gani awe alama yake? Na hiyo "konferensi" ni nini hasa?

Mwalimu wa Tereni (Katuba, Lubumbashi)
Wandugu, jambo. Nafundisha michezo kwenye sekondari moja hapa Katuba. Vijana wangu wa basketi wanashinda kwenye video za Oscar Tshiebwe, mtoto wa hapa aliyecheza basketi vyuoni Marekani, na sasa wamekuja na masharti: shule iwe na mnyama wake, na sisi pamoja na shule tatu za jirani tujiite konferensi. Nilidhani mamba atapita bila ubishi. Wapi! Nusu ya ekipe ni watu wa Lupopo, klabu ya mpira ya hapa mjini, wameapa jezi yenye mamba wa wapinzani wao Mazembe hawaivai hata ya bure. Kapteni akajaribu kunguru, nalo ni jina la utani la Mazembe hao hao, wakamzomea zaidi.
Na konferensi ina tofauti gani na ligi? Oscar alitoka chuo cha West Virginia kwenda cha Kentucky, wanasema hata konferensi alibadilisha.

Yaya Béa
Mwalimu, ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kucheza vyenyewe kwa vyenyewe kila msimu na kugawana pesa za televisheni. West Virginia iko konferensi ya Big 12, Kentucky iko ya SEC. Huko Kentucky ndiko mtoto wetu wa Lubumbashi alikochaguliwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, 2022. Bingwa wa kila konferensi anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya ubingwa wa vyuo, mwezi wa 3: timu 68, ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Ndiyo maana hata chuo kidogo kinapata mlango. Mwaka huohuo Kentucky ilitolewa mechi ya kwanza na Saint Peter's, 85 kwa 79, dakika za nyongeza, na Oscar alikuwa na pointi 30 na ribaundi 16. Mnyama wa Saint Peter's ni tausi. Tausi, jamani! Nilizima simu.
Zamani konferensi zilikuwa za majirani. Pesa za futiboli yao ya Kimarekani zimevuruga yote: tangu 2024 konferensi ya Big Ten ina vyuo 18, UCLA ya Los Angeles iko konferensi moja na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa nchi. Stanford ya California nayo iko kwenye konferensi ya pwani ya Atlantiki! Ninyi mnaenda mechini kwa miguu, mna haki kuliko wao.

Cheminot
Mimi ni wa njano na bluu ya Lupopo, kwa hiyo vijana nawaunga mkono. Lakini nani kasema lazima mnyama? West Virginia wanachagua mwanafunzi, anavaa nguo za ngozi na kofia ya manyoya, anashika bunduki: mtu wa milimani. Lupopo sisi watu wa reli. Chukueni wachimbaji. Kofia ngumu, buti, taa ya kichwani, basi. Ukimshonea mtoto manyoya, mwezi wa 10 ataiva humo ndani.

Papa Prefe
Mazembe yenyewe ilizaliwa shuleni kwa watawa Wabenediktini, 1939, ikaitwa Saint-Georges. Jina la mtakatifu, na mpira ulichezwa. Kabla ya kofia na buti, prefe wote wanne, yaani wakuu wa shule, wakae waandike: nani anamlipa mwamuzi, na kila mchezaji aje na buletini, ile ripoti ya alama, ya muhula huu. Msipoandika hilo, Jumamosi ya kwanza tu shule moja itawaletea kijana mwenye ndevu, aseme yuko darasa la 3 sekondari.