Mrejesho: Tairi za nyuma za S2000 zimepatikana

Wakuu, nimerudi. Niliuliza wapi nitapata tairi za nyuma za gari langu la michezo, Honda S2000 ya 2001, saizi 225/50R16 (225 ni upana kwa milimita). Za mbele, 205/55R16, zimejaa kila duka. Za nyuma nimezunguka Kariakoo mpaka soli za viatu zikalegea. Duka moja wakanitolea jozi "mpya kabisa", kashata (meno ya tairi) imejaa. Nikasoma namba za DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi ilitengenezwa lini: 1415, yaani wiki ya 14 ya 2015. Zimezeeka. Nikawaachia.

Mkuu uliyeshauri nifunge 205, zile nyembamba za mbele, kote, nisamehe. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mkia wake kwenye mvua una wazimu wa kuteleza; tairi nyembamba nyuma zingeuzidisha.

Mwishowe nimeagiza Dubai. Usafiri umeuma, ila juzi zimefungwa. Bado alaimenti tu, yaani kunyoosha magurudumu.