Trekta ya marehemu baba inagoma kuwaka asubuhi, ikiwaka inachemsha: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Muheza, Tanga. Nina Massey Ferguson 135, dizeli, injini ya Perkins silinda 3, aliyotuachia baba. Imetusomesha wote, sitaki ife mikononi mwangu.

Asubuhi stata inazungusha vizuri na betri ni mpya, lakini haiwaki mpaka nilegeze nati za nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) na kupiga pampu ya mkono kutoa hewa. Nahisi inavuta hewa usiku, ingawa sioni dizeli ikivuja popote.

Ikiwaka inalima kama saa moja tu, geji ya joto inapanda kwenye nyekundu na maji yanatapika kwenye mfuniko wa rejeta. Rejeta nimeisafisha, mkanda wa feni nimebadili. Fundi mmoja kaniambia ning'oe thermostati (kidhibiti cha joto la maji ya injini) niitupe. Sikukubali.

Kinachonitisha ni mapovu ninayoyaona kwenye rejeta injini ikiwa bado baridi. Oili haijageuka kuwa kama maziwa. Je, hapo ni gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) tu, au kuna cha kupima kwanza kabla sijafungua hedi? Masika inakaribia na ekari 6 za mahindi hazijaguswa.